GITAA LA STAA, SHINGO YA UPINDE! TUACHE KUNUNUA MAJINA MJINI HAPA

Leo nimekuja na moto kidogo, na najua kuna watu watanuna. Wanune tu.

Kuna mpiga besi mmoja, jina kapuni, makazi yake pande za Kinondoni. Umeshamwona kwenye shoo kibao nyuma ya wasanii wakubwa. Mwezi uliopita akatupia mtandaoni picha ya gitaa lake la besi, kalikumbatia kama mtoto, kaandika kwamba anaachana nalo kwa uchungu: milioni moja na laki mbili, "halijawahi kuguswa na fundi." Maoni yakajaa vimoto na vimioyo. Kwaya moja ya Mbagala, ambayo watu wake walichanga kidogo kidogo kwa miezi saba, ikalibeba. Hawakulipiga hata dakika moja. Lilishapigwa na staa, inatosha!

Mimi nikaitwa pesa ikiwa imeshatoka. "Mdogo wangu," mwalimu wa kwaya akaniambia, "hebu niangalizie, huu uzi mnene mbona unalia kama nyuki?" Nikamwamkia, nikaomba bisibisi, nikafungua kifuniko cha nyuma. Jamani! Waya zimesokotwa kwa mkono na kuviringishiwa selotepu nyeusi. Pikapu moja (sio ile ya kubebea tofali, ni ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ni ya kampuni nyingine kabisa, na tundu lake limechongwa kwa patasi. Nje gitaa ni jeusi linang'aa, humo ndani rangi yake ya zamani ni nyekundu. Na shingo imepinda, halafu ile nati ya kuinyooshea imelika pembe zote, haishiki ufunguo. Halijaguswa na fundi? Hapo labda staa kasema kweli. Fundi angekuwa na aibu.

Sasa msininukuu vibaya. Sina ugomvi na besi iliyobadilishwa. Jaco Pastorius, Mmarekani ambaye wapiga besi dunia nzima wanamtaja, Fender Jazz Bass yake ya 1962 iling'olewa freti zote, mitaro ikazibwa, ubao ukapakwa epoksi. Na akatikisa dunia nayo. Hapa hapa Dar unaweza kukuta besi imewekwa jeki mpya au pikapu nzuri kuliko ya kiwandani, na muuzaji akikwambia hivyo unamlipa kwa moyo mweupe. Kinachonichefua ni mtu kuchakachua halafu anauza kama orijino.

Na sisi wanunuzi tusijitoe. Mtu huyo huyo akienda Karume kununua shati la mtumba la elfu tano, analigeuza ndani nje, anavuta mishono, ananusa hadi kwapa. Kwenye besi ya milioni anaridhika na video ya simu! Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukiachwa wazi unatoa kama hezi 41. Spika ya simu yako haifiki huko hata kwa maombi. Unachosikia kwenye ile video ni vimwangwi vya juu tu, besi yenyewe haipo.

Nenda mwenyewe. Anza na shingo, maana vingine vyote vina spea. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, mkono mwingine ubane pale shingo inapokutana na mwili, halafu chungulia freti ya saba. Uwepo upenyo mdogo, kama unene wa vocha ya kukwangua. Ikipita sarafu ya shilingi mia, hiyo shingo ni upinde. Kupinda peke yake sio msiba. Joto na unyevu wa bahari vinaichezea mbao, ndiyo maana ndani kuna chuma cha kuirekebisha. Mwambie muuzaji azungushe nati ya chuma hicho mbele yako, robo mzunguko tu. Akianza stori za safari zake za nje, vaa viatu uondoke.

Kisha piga freti zote. Nyuzi 4, freti 20, ni sauti 80, dakika tano umemaliza. Freti iliyokufa itajisema. Chomeka kwenye amplifaya, zungusha nobu zote usikie kama zinakwaruza. Kama inatumia betri ya volti 9, iwekwe mpya. Na fungua kile kifuniko. Asiyetaka kifuniko kifunguliwe ameshakujibu.

Wazee wetu wa dansi hawakuwa na kesi hizi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama anaacha gitaa, anakwenda na vidole vyake. Leo kijana wa Tandika anajinunulia mwenyewe, na hakuna aliyemfundisha kukagua. Kwenye pengo hilo ndipo mastaa wanajilia vyao.

Najua mtakuja na "mtumba ni mtumba, macho yako ndiyo hakimu wako." Sawa, ila hayo ni ya kumwambia mtu aliyenunua kwa dalali asiyemjua. Hawa walimwamini mtu ambaye vijana wao wanaangalia video zake kujifunza. Wengine mtasema nina wivu. Ninao, jamaa anapiga balaa! Bado shingo imepinda.

Jumapili iliyopita kwaya ilipanda na hilo hilo gitaa, mpigaji anaukwepa uzi mnene, anacheza na mitatu iliyobaki. Staa, mwalimu alikutumia picha za humo ndani tangu Jumanne ile. Tiki mbili za bluu zinaonekana. Laki ngapi unarudisha?