Usiapie filamu

Ndugu yangu wa Temeke, wewe wa Kinondoni, Avatar ya kwanza ilitoka 2009, ya pili 2022. Miaka 13! Kusubiri sikulaumu, na kubuni nani atarudi ni stori za kijiweni tu. Linaloniuma ni pale kibanda umiza, mwenzako anakubishia, nawe unasema: "Wallahi, yule kanali aliyekufa anarudi!"

Haya, kweli alirudi. Lakini siku ile ulijuaje? Filamu haijatoka, unamshuhudisha Allah kwenye kubahatisha! Ungesema "nadhani", ungepungukiwa nini?

Na yule uliyemwita muongo mbele za watu, mpaka leo hamsalimiani kwa sababu ya filamu, mpigie simu kabla ya Maghrib.