UKURASA WA NYUMBANI: Rangi ya Piano na Mng'aro Wake

Piano ni chombo cha nadra katika nyumba zetu za kambini, lakini imo katika makanisa na mabwalo ya maofisa, na zipo familia zinazojinyima miaka mingi ili watoto wajifunze nyumbani. Fedha kama hizo hazipatikani mara mbili. Kwa hiyo, wasomaji wapendwa, tuzungumze juu ya jambo ambalo muuzaji hulitanguliza na mnunuzi hulikimbilia, yaani rangi.

Rangi haiongezi wala haipunguzi utamu wa sauti. Sauti hutoka katika nyuzi na katika ubao mpana wa mti wa jamii ya msonobari uliofichwa ndani. Sanduku la nje ni vazi, nalo lichaguliwe kama vazi la kazi.

Nyeusi ing'aayo kama kioo ndiyo ipendwayo na wengi. Hiyo ni rangi nene ya poliesta iliyosuguliwa sana, na mkwaruzo mdogo juu yake fundi aweza kuuondoa. Lakini kila alama ya kidole huonekana, na ikigongwa pembeni hubanduka kipande. Bibi aishiye kando ya barabara ya vumbi atafuta asubuhi na jioni! Tena asifute kwa kitambaa kikavu, maana vumbi huchora. Alipeperushe kwanza, kisha apitishe kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Yenye mng'aro hafifu huficha vumbi, ila ikikwaruzwa ni vigumu kuirudisha. Nyeupe huelekea umanjano kadiri miaka ipitavyo. Kwa familia ya askari, ambayo leo ipo hapa na kesho imepata uhamisho, mimi ningechagua rangi ya mti wenyewe, mahogani au walnati, yenye mng'aro hafifu, kwa sababu mistari ya mti huficha majeraha ya safari. Adui yake ni jua la dirishani, ambalo huipausha. Picha ikikaa juu yake mwaka mzima huacha kivuli chake.

Jihadharini hasa na piano kuukuu iliyopakwa upya. Katika karne ya 19 huko Ulaya mbao hafifu zilitiwa weusi zifanane na mpingo, na hata leo rangi mpya huweza kufunika mengi. Kabla ya kulipa, fundi aifungue. Vigingi vya chuma vikazavyo nyuzi vikiwa vimelegea, haitashika sauti. Atazame pia kutu ya nyuzi, na kama sufu ya vinyundo imeliwa na nondo.

Vibao vyeupe vya piano za zamani huenda vikawa vya pembe za ndovu, ambazo nyingi zilipita Unguja kwenda Connecticut, Marekani, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo ili ziwe nyeupe. Pembe hugeuka manjano gizani, hivyo kifuniko kifunguliwe mara kwa mara. Huitambulisha kwa vistari vyembamba, na mara nyingi kila kibao kina vipande viwili vilivyounganishwa. Tangu 1990 biashara ya pembe baina ya mataifa imezuiliwa. Basi mwenye piano ya namna hiyo aulize ofisi ya wanyamapori kabla ya kuivusha mpakani.