Laiki Hazikati Tiketi: Muvi Imekosa Watu au Imekosa Mpango?

Jina kapuni, ila wadau wa filamu Bongo mtamjua tu. Dairekta kijana kauza gari, kaazima kamera, kawashawishi washkaji waigize kwa ahadi ya "mtalipwa ikitoka". Drama nzito ya familia imekamilika, trela ikapigwa laiki za kutosha. Usiku wa zulia jekundu watu kibao. Wiki iliyofuata, ukumbi mweupe! Sasa lawama zote kwa mashabiki: eti Wabongo hawasapotiani.

Hapana bwana. Wabongo hao hao wanajaa vibanda umiza na wanalipa kuangalia muvi za nje zilizoingizwa sauti na madije. Watu wapo. Kilichokosekana ni swali la kabla ya kamera kuwashwa: muvi hii ni ya nani, na huyo mtu huwa anaangalizia wapi?

Jibu ndilo linachagua njia. Kama ni stori ya mirathi na mawifi, mtazamaji wake yuko sebuleni na king'amuzi, siyo Mlimani City saa mbili usiku. Huyo unamfuata kwenye chaneli kama Sinema Zetu au Maisha Magic Bongo, na mazungumzo unayaanza mapema, siyo baada ya hela kuisha. Kama ni ya mwendo wa taratibu, anzia matamasha. Vuta N'kuvute ilionyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, na jina lililopatikana huko likaisaidia kurudi nyumbani ikiwa inasubiriwa.

Na mpangilio una maana yake. Matamasha mengi makubwa yanataka kitu ambacho hakijaonyeshwa hadharani. Ukikasirika ukaimwaga yote YouTube usiku mmoja, mlango huo umeufunga mwenyewe. Hata chaneli ya runinga itashusha dau kwa kitu ambacho mtaa mzima umekiona bure.

Halafu kuna mtego wa zamani. Enzi za DVD pale Kariakoo, wengi waliuza kazi zao jumla: hela mkononi leo, haki zote zimeenda. Mkataba wa sasa unatakiwa useme wazi unauza kwa muda gani na kwa nchi zipi. La sivyo muvi itazunguka miaka, na mwenye jasho anaisikia tu kwa majirani.

Kinachouma ni kwamba kamera imepata bajeti, gauni la zulia jekundu limepata bajeti, lakini mabango, maandishi ya tafsiri na kibali cha ule wimbo wa Bongo Fleva vimeachiwa Mungu. Wanaoumia siyo dairekta peke yake. Ni wale walioigiza kwa ahadi, ambao safari ijayo hawatapokea simu.

Kumsapoti msanii ni sawa. Ila shabiki hawezi kununua kitu ambacho hajui kinauzwa wapi. Au nyie mnaonaje, kosa la mashabiki au la dairekta? Tiririka hapo chini.