Usukani wa Watu Wawili



Wiki iliyopita niliketi barazani na dada yangu, binti wa mama yangu mkubwa, aliyekuja Mombasa kututazama baada ya kipindi kirefu. Yeye na mumewe walihamia Kanada wangali vijana, wakafanya maskani katika mji wa Edmonton, wakalea watoto wao huko, na sasa wote wawili wamestaafu. Nilitarajia habari za wajukuu na za baridi. Badala yake alinipa habari za safari, nami nikaona si haki kuifungia kifuani. Kwa idhini yake naileta hapa, bila ya kutaja majina.

Wenyeji wa nchi zile wana magari ambayo ni nyumba kamili. Nyuma ya kiti cha dereva mna kitanda, jiko la gesi, friji, meza ya kulia, choo na bomba la kuogea. Chini ya sakafu mna matangi matatu: moja la maji safi, la pili la maji yaliyooshea vyombo, na la tatu la choo. Msafiri akifika kambini hulipa ada ya usiku, akachomeka waya wa umeme, akaunga mpira wa maji, akawa amefika kwake. Wazee wengi wa Kanada na Marekani wakishastaafu hununua au hukodi magari hayo, wakazunguka nchi majira yote ya kiangazi.

Shemeji yangu alikuwa na hamu ya kuifuata barabara ya Alaska hadi mwisho wake. Barabara hiyo ina historia. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mwezi wa Desemba 1941, Marekani iliona Alaska haifikiki kwa nchi kavu. Mwaka wa 1942 wanajeshi zaidi ya 10,000, na kiasi cha thuluthi yao wakiwa Wamarekani weusi, walipasua misitu, matope na milima tangu Machi hadi Oktoba, wakaiunganisha njia ya takriban kilomita 2,200 kutoka Dawson Creek hadi Delta Junction. Leo ina lami, na ndiyo wanayoipita wastaafu. Kutoka Edmonton mpaka mji wa Fairbanks ni karibu kilomita 3,000 kwenda tu, sawa na kutoka Mombasa hadi Nairobi mara sita.

Wakaondoka katikati ya Juni. Dada aliniambia kuwa taabu ya kwanza haikuwa barabara. "Maalim," akasema, "miaka arubaini huyu bwana alikuwa akitoka asubuhi na kurudi magharibi. Mimi nina kazi yangu na jikoni kwangu, yeye ana kazi yake na msikiti wake. Ghafla tumo chumbani mna urefu wa mita saba, na mlango ni mmoja." Siku ya tatu walinuniana kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Siku ya nne walizungumza mpaka usiku, na humo yeye akagundua kuwa mumewe hakupata kupenda ile kazi aliyoifanya umri wake wote. Aliivumilia kwa ajili ya ada za watoto. Miaka yote hiyo hakumwambia.

Kazi wakagawana hivi: bwana anaendesha, bibi anapika. Kumwaga tangi la choo, kazi inayotaka glavu nene na moyo mkunjufu, ilimwangukia bwana, na dada hakuficha kuwa alikuwa akichungulia dirishani huku akicheka. Lakini kila alipoomba kushika usukani hata kwa nusu saa, jibu lilikuwa moja: "Gari hili kubwa kwako, mama. Wewe pumzika." Jibu la mapenzi, wala hakuna ubaya ndani yake. Naye akapumzika.

Wakafika Liard River, kaskazini mwa British Columbia, penye chemchemi ya maji ya moto katikati ya msitu. Wakaoga, wakalala vizuri. Asubuhi shemeji, ambaye ana maradhi ya sukari na hujidunga insulini, alichoma sindano yake kama kawaida, kisha akatoka kukagua magurudumu kabla ya kula. Dada alipomwita chai hakujibiwa. Akamkuta ameketi chini, jasho linamtiririka, maneno yamemvurugika. Sukari imeshuka. Alhamdulillahi alikuwa na akili ya kumnywesha juisi kidogo kidogo, kisha asali, hata fahamu zikamrudia. Lakini mikono ilitetemeka na macho hayakuona sawasawa. Hospitali iliyokuwa mbele yao ilikuwa katika mji mdogo wa Watson Lake, zaidi ya kilomita 200. Simu haina mtandao. Kambini, majirani wa usiku ule wameshaondoka.

"Nikakaa kwenye kiti cha dereva," dada alisema, "na sikujua hata breki ya mkono iko wapi. Mgonjwa ndiye aliyenionyesha kwa kidole." Akaendesha taratibu, huku akimsemesha mumewe asilale. Njiani kundi la baisoni, wanyama wa jamaa ya nyati wetu, lilisimama katikati ya lami, na kila mmoja mkubwa kama ng'ombe wawili. Hakuthubutu kupiga honi. Akangoja, akasoma alichokihifadhi, wakapita. Aliingia Watson Lake baada ya saa nne, mgongo wote umelowa. Madaktari walimweka mgonjwa kwa siku mbili, wakambadilishia kipimo cha dawa, wakamruhusu.

Katika mji huo pana msitu wa vibao. Mwaka wa 1942 askari mmoja aliyekuwa akitamani kwao alisimamisha kibao chenye jina la mji wake, na wapitao wakafuata nyayo, hata leo ni makumi ya maelfu. Shemeji alipotoka hospitali alitafuta ubao na rangi, akaandika "Mombasa" na umbali aliokisia, akamwambia mkewe: "Piga misumari wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyetufikisha."

Wakaendelea, na tangu hapo wakaendesha kwa zamu. Walifika Fairbanks mwishoni mwa Juni, ambapo jua huzama baada ya saa sita za usiku na kuchomoza tena yapata saa tisa, na giza la kweli halipo. Dada alinieleza walivyokuwa wakikisia nyakati za sala kwa kuulizana wenyewe kwa wenyewe, wakishukuru ruhusa za msafiri. Kurudi walichukua njia ndefu, wakafika kwao mwezi wa Agosti.

Nilipomuuliza ni kitu gani alichorudi nacho, hakutaja milima wala dubu. Alisema kuwa usiku wa kwanza nyumbani mumewe alitoa faili, akalitandika mezani: hati ya nyumba, karatasi za pensheni, deni moja ambalo hakuwahi kumwambia, na wosia ambao haujakamilika. Wakakaa nalo jioni tatu. Jioni ya nne yeye akamwingiza bwana jikoni, akamfundisha kupika wali.

Wasomaji wangu, kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa kusaidia familia kugawa mirathi hapa kwetu. Nimewaona wajane waliokaa eda hawajui marehemu aliweka wapi hati ya kiwanja, ni chama gani cha akiba alichokuwemo, wala nani anamdai. Si kwamba waume wao walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wakisema yaleyale: wewe pumzika. Nimewaona na wanaume waliofiwa wasiojua mtoto mdogo anakunywa dawa gani, wala jirani gani ana ufunguo wa pili. Nyumba ilikuwa na madereva wawili, na kila mmoja akijua nusu ya gari.

Nami sijitoi. Dada alipokwenda kulala, mke wangu aliyekuwa akisikiliza kutoka ukumbini aliniuliza: "Na ufunguo wa sanduku lako la karatasi, uko wapi?" Ndoa yetu ina miaka ishirini na minane. Nikasimama, nikamwonyesha.

Basi ombi langu wiki hii ni dogo. Kabla ya Ijumaa ijayo, mume na mke wakae pamoja baada ya isha, televisheni imezimwa na watoto wamelala. Kila mmoja ataje mambo matatu ambayo mwenzake hayajui, na ambayo angeyahitaji kesho asubuhi kama yeye hatokuwepo. Yaandikwe, na karatasi iwekwe mahali ambapo wote wawili wanapajua. Aliye na deni alitaje, hata kama linamwonea haya.

Wabillahi tawfiq.