Akina Lefebvre hawana babu mmoja

Watu wengi huamini kwamba wenye jina moja la ukoo ni damu moja. Jina la Lefebvre, mojawapo ya yaliyoenea sana Ufaransa, linatosha kuitia dhana hiyo shaka. Shina lake ni faber, yaani fundi katika Kilatini, neno ambalo kaskazini mwa Ufaransa liligeuka fèvre, mhunzi. Katika Zama za Kati ilikuwa vigumu kupata kijiji kisicho na mhunzi, maana bila yeye hapakuwa na plau wala viatu vya farasi. Watu walipoongezeka na akina Jean kujaa kila upande, ikabidi wapambanuliwe: yule wa kufua chuma akawa Jean le Fèvre, na wanawe wakarithi jina hata kama hawakuwahi kushika nyundo. Hayo yalitokea mahali pengi, kwa watu wasiojuana kabisa. Kusini wahunzi wenzao wakawa Fabre na Faure, Savoie wakawa Favre, na Bretagne, kwa lugha yao wenyewe, Le Goff. Félix Faure, rais wa Ufaransa kuanzia 1895 hadi 1899, na Jean-Henri Fabre, bingwa wa elimu ya wadudu, wamebeba jina la kazi ileile bila kuwa ndugu.

Hata tahajia si ya kutegemewa. Hiyo b ya Lefebvre haikutamkwa. Ilipachikwa na makarani waliotaka kuonyesha kwamba Kilatini wanakijua. Na kwa kuwa u na v ziliandikwa bila kutofautishwa, kuna waliolisoma vingine, likazaliwa Lefébure. Mwaka 1539, kwa amri ya Villers-Cotterêts, Mfalme François I aliwataka mapadri waweke daftari za ubatizo. Agosti 1794 sheria ya Mapinduzi ikakataza mtu kutumia jina lisilo katika cheti chake cha kuzaliwa. Kosa la kalamu likawa urithi.

Atakayepinga atasema yapo majina adimu, yanayopatikana katika bonde moja tu, na wenye nayo huenda kweli wametoka kwa mtu mmoja. Sawa, ila kinachothibitisha hilo ni daftari za parokia zikifuatwa kizazi baada ya kizazi. Jina peke yake ni fununu. Wapo pia wanaotaja nembo ya ukoo kuwa ushahidi, lakini hoja hiyo ni dhaifu zaidi. Mwaka 1696 Louis XIV, akitafuta fedha za vita, aliamuru nembo zisajiliwe kwa ada, na miongoni mwa waliosajiliwa walikuwamo wafanyabiashara na mafundi wasio na chembe ya ukabaila. Kwa hiyo anayeuziwa leo “nembo ya akina Lefebvre” anauziwa, ikiwa si ya kubuni, nembo ya Lefebvre fulani, na muuzaji hana hata ukurasa mmoja wa daftari unaomwonyesha mnunuzi kuwa mjukuu wake.