Lori Likilipita Lori: Hesabu Isiyopigwa Barabarani

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma ina urefu wa kilomita zipatazo 930. Ilipata umuhimu wake mkubwa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa hila, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta yake. Wakati ule ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikaja, na katikati ya miaka ya sabini reli ya TAZARA nayo ikaja. Hata hivyo malori hayakuiacha barabara. Hadi leo yanapita humo usiku na mchana, yakichukua shaba, mbolea, saruji na mafuta kati ya bandari na nchi za Zambia, Malawi na Kongo.

Kila mwanafunzi aliyepata kupanda basi katika barabara hiyo wakati wa kufungua shule anaujua mchezo ufuatao. Lori lenye tela liko mbele. Nyuma yake lipo jingine linalokwenda kwa kasi zaidi, lakini zaidi kidogo tu. La nyuma linawasha taa ya kuashiria, linatoka upande wa kulia na kuanza kupita. Dakika nzima inakwisha, nayo bado yako ubavu kwa ubavu kama ndugu wawili waendao gulioni. Nyuma yao foleni inarefuka. Mbele, juu ya kilima, taa za gari jingine zinachomoza.

Kwa kawaida jambo hili huelezwa kwa maneno ya tabia: madereva hawana adabu, wana kiburi, wamelewa. Wapo wa namna hiyo, na polisi wanawafahamu. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwani hata dereva mwenye akili timamu, mzoefu wa miaka 20, hulifanya kosa hilo hilo. Jicho la binadamu ni chombo dhaifu mno cha kupimia tofauti ndogo baina ya kasi mbili kubwa. Tofauti hiyo hupimwa kwa hesabu, nayo hesabu yenyewe haizidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Chukua malori mawili, kila moja lina urefu wa mita 18. La mbele linakwenda kilomita 76 kwa saa; la nyuma linakwenda kilomita 80, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria ya Tanzania kwa magari makubwa nje ya makazi ya watu. La nyuma linatoka likiwa mita 20 nyuma ya mwenzake, na kurudi upande wake likiwa limemwacha mita 20. (Mita 20 kwa kasi hiyo ni chache mno, hazifiki hata sekunde moja ya mwendo, lakini ndivyo madereva wafanyavyo.) Basi lori lipitalo linapaswa kumshinda mwenzake kwa mita 20, na 18, na 18, na 20, yaani jumla ya mita 76. Tofauti ya kasi zao ni kilomita 4 kwa saa, sawa na mita 1.1 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu bila haraka yoyote. Zitahitajika sekunde 68.

Katika sekunde hizo 68 lori halikusimama. Linakwenda mita 22 kila sekunde, na hadi linaporudi upande wake limekwisha kula mita 1,520 za barabara, zote likiwa upande usio wake. Basi la abiria likija kutoka mbele kwa kasi ya kilomita 80, nalo limekula mita 1,520. Kwa hiyo dereva anayeanza kupita kwa namna hii anahitaji kuona mbele yake barabara tupu ya kilomita 3 na ushei. Ni sehemu ngapi kati ya Morogoro na Mbeya ambako kilomita 3 za barabara huonekana kwa mara moja, bila kona wala kilima? Na usiku je? Taa kubwa za lori humulika mita mia na kitu tu. Taa za gari lijalo huonekana mbali zaidi, ni kweli, lakini nukta mbili za mwanga katika giza hazisemi ziko umbali gani wala zinakuja kwa kasi gani. Na lori lililoharibika, likaachwa upande wa pili likiwa na matawi ya miti barabarani kama onyo, halina hata nukta hizo.

Yafaa mwanafunzi aendelee na hesabu hiyo kwa tofauti nyingine za kasi, la mbio zaidi likibaki kwenye kilomita 80. Tofauti ikiwa kilomita 2 kwa saa, lori litakula zaidi ya kilomita 3 kabla ya kurudi upande wake, kwa dakika 2 na ziada. Ikiwa 10, ni mita 608 na sekunde 27. Ikiwa 20, ni mita 304 na sekunde zisizofika 14. Mwalimu wa hisabati anao hapa mfano wa uwiano kinyume ulio hai kuliko ule wa vibarua wa kuchimba mtaro, ambao umechosha vizazi kadhaa vya wanafunzi. Mchoro wake ni mkunjo unaopanda ghafula kadiri tofauti inavyokaribia sifuri, na ajali hutokea pale mkunjo unapopanda.

Wengine husema dawa ni vidhibiti mwendo: malori yote yafungwe yasiweze kuzidi kasi moja, na tamaa ya kupitana itakwisha. Kenya iliweka kanuni za namna hiyo mwaka 2003, wakati wa waziri John Michuki, zikitaka magari ya abiria na malori yasizidi kilomita 80 kwa saa. Nchi za Ulaya Magharibi zilikuwa zimekwisha tangulia katika miaka ya 1990, na malori mazito ya huko hufungwa kwenye kilomita 90. Faida ya vifaa hivyo kwa jumla haikanushiki, kwani nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi. Lakini kuhusu kupitana, matokeo yake ni kinyume cha yaliyotarajiwa. Hakuna vidhibiti viwili vinavyolingana kabisa. Kifaa huhesabu mizunguko ya gurudumu. Na gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 50, tairi lake likilika kwa sentimita moja na nusu, hupungukiwa na asilimia 3. Lori hilo huamini linakwenda kilomita 80, kumbe linakwenda 77.6. Nyuma yake linakuja lenye matairi mapya. Basi hapo ndipo zinapozaliwa zile tofauti za kilomita 2 ambazo ni mbaya kuliko zote, na anayepita hawezi hata kuongeza mwendo ili amalize haraka.

Wajerumani wameyapa mashindano hayo jina la mbio za tembo. Sheria yao ya barabarani inamtaka anayepita awe na kasi iliyo kubwa kwa dhahiri kuliko ya anayepitwa, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ya mji wa Hamm ilifafanua maana yake: kwa kawaida kupita kusizidi sekunde 45, jambo linalotaka tofauti ya kama kilomita 10 kwa saa. Ikumbukwe kwamba katika barabara zao kuu magari ya kwenda na ya kurudi yametengwa kabisa. Huko tembo wawili husababisha foleni na matusi. Katika barabara ya njia mbili, mashindano hayo hayo huishia uso kwa uso.

Milima ina fizikia yake. Lori la tani 50 likipanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100 linavutwa nyuma na kani ya nyutoni 30,000 hivi. Injini ikitoa kilowati 300, yaani takriban nguvu za farasi 400, na msuguano ukiachwa kando, lori hilo litapanda kwa mita 10 kwa sekunde, au kilomita 36 kwa saa. Mwenzake mwenye injini ile ile lakini mzigo pungufu kwa tani 5 atapanda kwa kilomita 40. Tani 5 za mzigo zimeleta tofauti ya kilomita 4, na pamoja nayo kishawishi. Hata akijibana na kuacha mita 10 tu nyuma na mbele, ataihitaji barabara kwa sekunde 50, na kutumia mita 560. Anayeijua Kitonga, baina ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, na kona zake zilizokatwa ubavuni mwa mlima, hahitaji kuelezwa kwamba mita 560 zilizo wazi hazipo.

Mazungumzo mengi juu ya jambo hili humlaumu anayepita. Anastahili sehemu yake. Lakini ufunguo wa hatari hii uko chini ya mguu wa anayepitwa, na ni ajabu kwamba hatajwi. Arudiwe yule dereva wa kilomita 76. Akiinua mguu na kushuka hadi 70 mara aonapo mwenzake amekwisha toka, tofauti inakuwa 10 badala ya 4, na sekunde 68 zinapungua kuwa kama 27. Yeye mwenyewe atakuwa amerudi nyuma mita 46, sawa na sekunde 2 hivi za safari yake. Kurudisha kasi tani 50 kutoka 70 hadi 76 kunadai nishati ya juli milioni 1.7, lita moja ya dizeli ina juli milioni 36, na injini nzuri hutumia kama asilimia 40 ya hizo. Gharama ni dizeli isiyofika nusu ya kikombe cha chai. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu mwendo wa barabarani unamtaka anayepitwa abane upande wake na asiongeze kasi. Hiyo ni nusu ya busara. Kwa malori, lingekuwa jambo la haki kumtaka apunguze.

Mbona basi hapunguzi? Kwa sababu kupitwa huhesabiwa kuwa ni kushindwa, na utingo aliye pembeni anatazama. Tena kuna jambo zito kuliko fahari: dereva anayelipwa kwa safari huona kila dakika kuwa ni fedha. Apige hesabu hii pia. Katika kilomita 100, mwenye kasi ya 80 humtangulia mwenye 76 kwa dakika zisizofika 4. Dakika hizo humwishia akiwa katika mstari wa mizani, pale Vigwaza au Mikese au Makambako, huku yule aliyempita akija kusimama nyuma yake. Wenye malori wanaopanga saa za safari bila kuhesabu mizani na mipaka ndio wanaonunua haraka hii, nao hawapo barabarani inapolipiwa.

Ziko desturi za madereva wenyewe zinazofaa kuheshimiwa, na zinazofaa kuogopwa. Wa mbele huwasha taa ya kushoto kumwambia wa nyuma apite, na ya kulia kumwambia angoje. Ni ukarimu, lakini taa ya kulia ni hiyo hiyo ya mtu anayekusudia kutoka mwenyewe, na ya kushoto ni ya anayetaka kuegesha. Lugha yenye neno moja kwa maana mbili haifai kutumika kwa kasi ya mita 22 kwa sekunde. Vilevile foleni iliyo nyuma huwa na mtindo wa kuliziba pengo mara lori litokapo, hata dereva anayebadili shauri asiwe na mahali pa kurudi. Wenye magari madogo, wepesi wa kuyalaani malori, hawajiulizi sana habari ya pengo hilo.

Kupiga marufuku lori lolote lisipite jingine popote haitawezekana: liko lori linalopanda mlima kwa kilomita 15 kwa saa, nalo haliwezi kufuatwa na foleni ya saa nzima bila watu kupandwa na wazimu. Njia ya ziada ya kupandia, hata ya kilomita moja, kwenye kila mwinuko mrefu ni ghali, lakini ni hapo tu ambapo lami hununua usalama kwa uhakika. Kwingineko, kanuni ya Wajerumani ya kilomita 10 yafaa iigwe, na ifundishwe katika vyuo vya udereva pamoja na hesabu yake.

Shule iliyo karibu na barabara kuu inaweza kuanza mapema zaidi. Wanafunzi wakiwa na mwalimu wao, wamekaa juu ya kilima mbali na lami, huhitaji saa ya mkononi na miti miwili ambayo umbali baina yake umekwisha pimwa. Wapime kasi ya malori yanayopita, waandike tofauti zake, kisha wapime sekunde ambazo kila lori lipitalo hukaa upande usio wake. Jedwali hilo lipelekwe kwa kamanda wa polisi wa usalama barabarani wa wilaya, pamoja na mchoro wa mkunjo.