Usizime SELinux kwenye ruta ya mtaa

Nitasema wazi tangu mwanzo: mtu anayewauzia majirani intaneti kisha akazima SELinux kwenye ruta yake anawakosea majirani hao. Najua wapo watakaonuna. Basi tusemezane.

Mitaa ya Eastlands, Ziwani ikiwemo, ina biashara hii kila kona. Mtu ananunua laini moja ya kasi, anaigawa kwa waya na Wi-Fi, na majirani wanalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Wengi wanatumia MikroTik, ambayo haikupi nafasi ya kuandika sera zako za SELinux, kwa hiyo leo siwasemi hao. Nawasema mafundi wenzangu wanaochukua kompyuta ya kawaida, wanaweka Linux na FRR, kisha juu ya mashine hiyo hiyo wanaweka pia hifadhidata ya wateja: majina, namba za simu, nani amelipa na nani hajalipa.

Kwa asiyejua, FRR ni kundi la programu zinazoamua data ipite njia gani. Ukoo wake unachekesha. Mwaka 1996 Kunihiro Ishiguro alianza kuandika Zebra, yaani punda milia. Kutoka hapo ikazaliwa Quagga, iliyopewa jina la punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka karne ya 19. Mwaka 2017 ikatangazwa FRR. Ndani yake kuna bgpd inayozungumza BGP na mitandao mingine, ospfd kwa njia za ndani, na zebra yenyewe, inayopeleka njia hizo kwenye kiini cha Linux.

Njia si jambo dogo, na Nairobi tunalijua hilo. Zamani barua pepe ya kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya hapa kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya hapa hapa ilipanda setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. KIXP ilianza Novemba 2000 ili kampuni zikutane nyumbani. Mwezi uliofuata CCK ikaifunga baada ya Telkom Kenya kulalamika, na ilirudi kazini Februari 2002. Watu walipigania njia kwa zaidi ya mwaka mzima! Mashine inayoamua njia inastahili ulinzi wa maana.

Sasa, ulinzi gani? Linux ya kawaida humpa mwenye faili uamuzi wa nani alifungue, na root hufungua kila kitu. Ni kama keateka mwenye funguo za ploti nzima: akiibiwa funguo, nyumba zote ziko wazi. Udhibiti wa lazima ni kitu kingine. Kila programu na kila faili hupewa lebo, na kiini cha Linux husoma sera kabla ya kuruhusu lolote. Kisichoandikwa kwenye sera hakiruhusiwi, hata kwa root aliye ndani ya programu hiyo.

Chukua mfano. Kwenye Fedora na RHEL za sasa FRR huendeshwa chini ya lebo frr_t. Enzi za Quagga ilikuwa zebra_t. Sera inairuhusu kutumia poti 179 ya BGP, kubadilisha jedwali la njia, na kuandika faili zake za kumbukumbu. Haina ruhusa ya kusoma /etc/shadow. Haina ruhusa ya kugusa faili za MySQL. Mhalifu akipenya kupitia bgpd atakuta amefungiwa chumba kimoja, na majina ya wateja wako yako chumba kingine.

Je, kupenya huko ni ndoto tu? Mei 2023 kampuni ya Forescout ilieleza makosa matatu katika namna FRR 8.4 ilivyosoma ujumbe wa BGP. Hayo yaliweza kuiangusha bgpd tu, lakini yanakuonyesha kuwa programu hii inasoma maneno ya watu wa nje, na inaweza kukosea kuyasoma. Na Mei 2018 Cisco Talos walitangaza VPNFilter, iliyokuwa imeshaingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54 au zaidi, ruta nyingi zikiwa za majumbani na ofisi ndogo. Wezi wanajua thamani ya ruta kuliko wenyewe.

Nisitie chumvi. SELinux haizuii bgpd kuanguka. Wala haitambui njia ya uongo. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza kipande cha anwani za YouTube kana kwamba ni chake, na kwa takriban saa mbili dunia ikapotezwa njia. Hakuna lebo ingesaidia pale, maana BGP ilikuwa ikifanya kazi yake kwa utiifu kabisa. Dawa yake ni vichujio na RPKI. Ukuta wa chumba na ukweli wa njia ni mambo mawili, na unayahitaji yote mawili.

Najua kwa nini watu huzima. Enzi za Quagga ulikuwa unaandika "write memory", unanyimwa ruhusa, unatafuta jibu mtandaoni, na jibu la kwanza ni setenforce 0. Kumbe lililohitajika lilikuwa mstari mmoja:

setsebool -P zebra_write_config on

Na leo, FRR ikigoma, usifungue nyumba nzima. Legeza chumba hicho peke yake:

semanage permissive -a frr_t

Iache ifanye kazi siku chache, kisha soma makatazo kwa ausearch -m avc. Mara nyingi utakuta faili lililohamishwa kwa mv kutoka kwingine likaja na lebo isiyo yake, na restorecon inamaliza kesi. Ukisharekebisha, rudisha ulinzi kwa semanage permissive -d frr_t. Usikimbilie audit2allow kama mtu anayesaini karatasi bila kuisoma. Wa Ubuntu wana AppArmor, inayotazama mahali faili lilipo badala ya lebo. Hoja ni ile ile.

Mtu ataniambia: mimi ni fundi mmoja, nina wateja arobaini, muda huo sina. Namwelewa. Lakini hao arobaini hawakuchagua FRR, wala hawajui kama SELinux ipo. Walikupa pesa na namba zao za simu kwa sababu wanakuona kila siku hapo mtaani. Andika getenforce sasa hivi. Ikijibu Permissive au Disabled, jioni ya leo una kazi.